Karatasi ya ndani usiimenye

Wiki yangu ya kwanza Jinan, mkoani Shandong, China, nilikaa bwenini nikihangaika na pipi kwa kucha. Ganda la nje nilishalitoa, kumbe ndani kuna karatasi nyingine, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, imegandana na pipi yenyewe. Mwanafunzi mmoja mwenyeji akanikuta, akacheka mpaka akakaa chini. Ile karatasi ni ya wanga. Unaiweka mdomoni na pipi yake, ulimi ukigusa inayeyuka.

Pipi hiyo wanaiita gaoliang yi, na Shandong ndiko inakosifika. Gaoliang ni mtama, huu huu tunaoulima Dodoma na Singida. Wanga unapikwa na sukari na asali ya kimea hadi uvutike, unaachwa ukauke, unakatwa vipande. Ukiuvuta unarefuka, ukiuachia unarudi. Kwa aliyekula halua ya Zanzibar, afikirie halua isiyo na samli wala iliki, na ngumu kidogo.

Sasa ukienda kununua. Zile za maboksi ya zawadi stesheni ziache. Nenda duka la mtaani wanakopima kwa jin, yaani nusu kilo, na umwombe ayi (ndivyo wanavyomwita mama wa makamo) uonje kwanza. Bonyeza kwa vidole: ikibonyea na kurudi, ni mpya. Usidanganyike na jina, maana nyingi siku hizi zinatengenezwa kwa wanga wa mahindi. Mimi hilo halinisumbui, ladha ninaipenda hivyo hivyo.

Kwa Waislamu wenzangu: pipi laini si zote za wanga. Mwombe mtu akusomee viungo, na akitamka mingjiao, hiyo ni jelatini, na mara nyingi pakiti haisemi imetoka kwa mnyama gani. Dianfen ni wanga.

Friji usiiweke kabisa. Wanga ukipoa unakakamaa, kama ugali uliolala. Baridi ya Januari ilinigeuzia mfuko mzima kuwa kokoto, nikawa natembea na chache mfuko wa ndani wa koti zilainike kwa joto la mwili. Dar shida ni unyevu: tumia kopo lenye mfuniko unaobana.

Na ukiwapelekea nyumbani, eleza vizuri. Mimi nilimwambia mjomba kwamba karatasi inaliwa, sikumwambia ni ipi. Alitafuna zote mbili, akasema Wachina wana meno.