Kufundisha utafutaji wa vyanzo mtandaoni: kwanza uone wanachoandika kwenye kisanduku cha kutafutia

Mkuu, umesema umepewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza uwafundishe kutumia maktaba kwa njia ya mtandao, ukawapitisha kwenye slaidi saa moja na nusu, kamera zote zimezimwa, na insha zilipokuja marejeo yakawa blogu na kurasa zisizo na mwandishi. Unauliza uongeze nini. Mimi ni mkutubi, kazi hii naifanya mwaka hadi mwaka, na jibu langu ni usiongeze kitu. Punguza.

Maktabani ukisimama nyuma ya mwanafunzi unaona kila kitu: alichoandika, alichobofya, alichokiruka, na pale alipokata tamaa akarudi Google. Mtandaoni jicho hilo huna. Unabaki na "ndiyo tumeelewa" kwenye sehemu ya ujumbe, na hiyo haina maana yoyote. Kwa hiyo karibu yote ninayofanya siku hizi yana lengo moja, kuuona utafutaji wenyewe.

Kipindi cha moja kwa moja nakifanya kifupi, na hakianzi mpaka mhadhiri awe ameshatoa swali la insha. Ukifundisha kabla hawajapewa kazi, unapoteza muda wako na wao. Halafu sionyeshi kioo cha kompyuta yangu. Naomba mmoja ajitolee kuonyesha chake, wengine wanamsaidia.

Mara nyingi kinachotokea ni hiki. Mwanafunzi anaandika kwenye kanzidata, yaani hazina ya makala za kitaaluma mtandaoni, sentensi nzima: "Je, kukosa usingizi kunaathiri vipi ufaulu wa wanafunzi wa vyuo vikuu?" Anapata sifuri. Anasema, na anaamini kabisa, kwamba hakuna tafiti zilizofanyika. Hapo simpi jibu. Namwambia afute maneno ambayo mtafiti asingeyaweka kwenye kichwa cha makala yake. "Je" inaondoka, "vipi" inaondoka, "kunaathiri" inaondoka. Zinabaki dhana tatu: usingizi, ufaulu, wanafunzi wa chuo kikuu. Kisha darasa zima linamwagia kila dhana maneno ya jirani. Kwa ufaulu watakupa alama, matokeo ya mitihani, maendeleo ya kitaaluma. Maneno ya dhana moja yanaunganishwa kwa OR (au), dhana na dhana zinaunganishwa kwa AND (na), na kila kundi la OR linafungiwa ndani ya mabano. Mabano wengi huyapuuza, kumbe kila kanzidata ina utaratibu wake wa kusoma AND na OR, ukiyaacha unapata matokeo usiyoyatarajia. NOT, ile ya kuondoa matokeo yenye neno fulani, siifundishi mwaka wa kwanza kabisa; inatupa makala nzuri kimyakimya na mwanafunzi hajui kilichopotea.

Akitafuta tena, sifuri inageuka maelfu, na sasa analalamika kwamba ni nyingi mno. Safi. Huo ndio wakati wa kumwonyesha jinsi ya kubana: maneno yatafutwe kwenye kichwa na ikisiri (muhtasari wa makala) tu, miaka ipunguzwe, maneno mawili yanayokwenda pamoja yawekwe kwenye alama za kunukuu. Akipata makala moja inayofaa, asimame hapo. Aangalie maneno ya mada yaliyoorodheshwa pamoja na ikisiri, arudi kutafuta kwa hayo. Aangalie makala hiyo imewataja akina nani, na akina nani wameitaja baadaye. Google Scholar, ile Google ya kutafuta makala za kitaaluma, iliyopo tangu 2004, ina kiungo cha hilo chini ya kila tokeo lililotajwa na wengine na ajabu ni kwamba wengi hawajawahi kukibofya.

Kuhusu kupima ubora wa tovuti, hapa tutabishana na wakutubi wenzangu. Ile orodha ya maswali ya kuuliza ukurasa (ni wa lini, nani kaandika, una makosa ya tahajia?) mimi nimeiacha. Inamfundisha mwanafunzi kukaa palepale kwenye ukurasa anaoushuku na kuuamini kwa sura yake. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo hicho na watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Waliwapa, pamoja na mambo mengine, tovuti za vyama viwili vya madaktari wa watoto vya Marekani vyenye majina yanayofanana: American Academy of Pediatrics, chama kikubwa cha taaluma hiyo, na American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga. Wanafunzi wengi waliona tovuti ya kile kidogo ndiyo ya kuaminika zaidi. Wahakiki hawakudanganyika, kwa sababu waliondoka kwenye ukurasa upesi na kwenda kuangalia wengine wanasema nini kuhusu chama chenyewe. Hilo linafundishika mtandaoni vizuri kuliko darasani, maana kila mwanafunzi ana kifaa chake. Wape tovuti, wape dakika chache, waulize swali moja: umejua nini kuihusu bila kuisoma yenyewe?

Sasa hizi programu za akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 napokea maombi ya makala ambazo hazipo duniani. Mwandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, makala haijawahi kuandikwa. Kuwakataza hakusaidii. Nawapa orodha fupi ya marejeo, mengine halisi, mengine ya kubuni, watafute yapi ni yapi. Wanaweka DOI, namba ya kipekee ya kuitambulisha makala, kwenye doi.org, wanatafuta kichwa kizima kwenye Google Scholar, wanafungua toleo la jarida lenyewe. Wakati mwingine DOI inafunguka lakini inaleta makala nyingine kabisa, na hapo ndipo kelele zinapoanza kwenye sehemu ya ujumbe. Ndani ya orodha hiyo naweka pia makala ya Andrew Wakefield ya 1998 kwenye jarida la tiba la The Lancet, iliyohusisha chanjo na usonji. Ipo, ina DOI, jarida ni la heshima, lakini jarida lenyewe liliibatilisha rasmi 2010. Wanaoishia kuhakikisha kwamba "ipo" wananaswa.

Kazi ninayowapa ni shajara ya utafutaji: niliandika nini, wapi, nikapata mangapi, nikabadilisha nini, kwa nini. Ukurasa mmoja unatosha. Mwombe mhadhiri aipe alama, hata chache, la sivyo wataijaza usiku wa kuamkia kuwasilisha na utaigundua tu: utafutaji wote umefaulu mara ya kwanza, hakuna hata mmoja uliokwama. Shajara ya kweli ina fujo. Ninapomrudishia maoni, nayaandika kwenye ule mstari alipokwama, si chini kabisa kwa jumla.

Na zile slaidi zako usizitupe, zikatekate ziwe video fupi zenye maandishi, kila moja jambo moja, wenye bando dogo wasome tu. Ya kwanza iwe ya kuingia kwenye kanzidata ukiwa nje ya chuo kupitia ukurasa wa maktaba, maana mwanafunzi akifika moja kwa moja kwenye tovuti ya jarida akaambiwa alipie makala, anadhani chuo hakina, anarudi kwenye blogu. Ibandike juu kabisa ya ukurasa wa kozi. Hata hivyo watakuuliza kila wiki.