Kidude cha kidoleni kinasoma 94, je, mzee atapona?

Ndugu, umeuliza kama 94 ya kile kidude cha kidoleni, kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, inatosha kujua baba hatazidiwa na homa hii ya mapafu. Haitoshi. Mimi ni muuguzi hapa Mombasa tangu kabla ya korona.

Mei 2020, Mji wa Kale umefungwa, aliletwa mzee wa kikoi, anatania hadi walinzi. Kidude: 93. Nilikuwa na tabia mbaya, na wauguzi wenzangu mtacheka: penye pumzi kwa dakika naandika 20, sihesabu. Nikaandika 20. Daktari wa zamu akasimama pale kitandani, macho kwenye tumbo la mzee, saa mkononi, dakika nzima. 34! Hapo ndipo nami nikasikia: utani wenyewe ulikuwa unakatika. Maneno matatu, pumzi. Maneno matatu, pumzi. Usiku huohuo alizidiwa. Alipona, ila baada ya wiki tatu za oksijeni.

Tena kidude kina lake na ngozi zetu. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilipitwa na upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe.

Madaktari wana hesabu zao. CURB-65 ya 2003, ya kupima ukali wa homa ya mapafu, hutoa pointi mojamoja: kuchanganyikiwa, urea (taka ya damu inayochujwa na figo) iliyozidi 7, pumzi 30 na zaidi, presha ya chini, umri wa 65 kwenda juu. Zinasaidia kuamua nani alazwe. Lakini zinakwambia katika wagonjwa mia wa aina hiyo hufa wangapi. Babako yumo upande gani, hazijui.

Korona ilitufundisha kuchunga siku ya tano hadi ya kumi ya ugonjwa, mtu akidhani ameshapoa. Mhesabu akiwa ametulia, dakika nzima, na usimwambie, maana akijua pumzi hubadilika. Mtu mzima huwa 12 hadi 20. Ikifika 25, au akianza kuweweseka, usingoje kuche. Na hiyo 94, daktari amwone leo.

Kila ukihesabu, andika saa na namba kwenye karatasi, uende nayo. Mie nikiwa zamu, karatasi hiyo ndiyo naiomba kwanza.