Keki ya mashindano kwenye unyevu wa Pwani: kazi inaanzia chini, siyo kwenye maua

Majaji wa keki hawaanzi na waridi la juu. Wanainama kwanza. Wanatazama ukingo wa ubao, mshono wa nyuma, na pale ngazi moja inapokalia nyingine. Keki nyingi zenye maua ya kutamanisha hupoteza alama huko huko chini. Na ukiwa unaoka Dar, Tanga au Mombasa, ongeza unyevu wa hewa, ambao hauna huruma na sukari.

Fomu ya mashindano isome mpaka mwisho kabla hujanunua chochote. Kama keki haionjwi, uliza kama povu jeupe gumu (aina ile inayokuja ndani ya katoni za TV) linaruhusiwa badala ya keki halisi. Kama kipimo cha mwisho ni sentimita 45, ua linalotokeza nje ya ubao nalo linahesabiwa. Mtego mkubwa ni waya wa maua: mashindano mengi hayakubali waya uliochomwa moja kwa moja kwenye keki, maana ni kitu kisicholiwa ndani ya chakula. Ziba ncha ya mrija mnene wa juisi kwa chokoleti, uchomeke kwenye keki, ndipo waya uingie ndani ya mrija.

Tuchukue ngazi tatu za duara, sentimita 25, 20 na 15, kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 10. Zinakula fondanti (donge laini la sukari la kufunikia keki) kama kilo 1.2, gramu 800 na gramu 500, na ubao wa sentimita 35 unataka gramu 700 hivi. Pika fondanti mara tatu, kila mara kwa vipimo hivi: nyunyiza kijiko kikubwa 1 cha jelatini kwenye mililita 60 za maji baridi, acha dakika 5 ivimbe, kisha iyeyushe juu ya mvuke. Isichemke, itapoteza nguvu. Tia mililita 120 za glukosi nzito, gramu 30 za mafuta meupe ya kuganda na gliserini. Vipimo vya kawaida vinasema gliserini kijiko kikubwa 1. Pwani tia nusu, kwa sababu gliserini huvuta maji hewani. Mimina kwenye gramu 700 za sukari ya aisingi iliyochekechwa, ukande huku ukiongeza nyingine hadi ifike gramu 900. Ifunge kwenye nailoni ilale usiku mzima. Rangi iwe ya jeli, siyo ya maji, na uchanganye ya kutosha kwa mara moja. Nyekundu na nyeusi hukolea zikilala, hivyo acha kuongeza kabla hujaridhika.

Chini ya fondanti paka ganashi (chokoleti iliyochanganywa na krimu), siyo krimu ya siagi, inayolainika kwa joto. Chokoleti nyeusi kilo 1 kwa krimu gramu 400 inasimama vizuri. Ikishakauka, weka pima maji ya fundi juu ya kila ngazi. Mteremko wa milimita 3 chini utaonekana kama mnara unaoanguka ukifika juu.

Fondanti isukume unene wa milimita 4. Kwa ngazi ya 20 unahitaji duara la sentimita 45: upana wa keki, kimo mara mbili, na 5 za akiba. Nyembamba mno huonyesha kila shimo; nene mno huchanika kwenye ukingo wa juu kwa uzito wake. Mezani nyunyizia kornflawa kidogo, siyo sukari, ambayo huloa na kunata. Ukiona lengelenge la hewa, ingiza sindano kwa mshazari ubavuni mwake, sukumia hewa kuelekea tundu kwa kidole, kisha sugua tundu kwa mzunguko mpaka lipotee. Mikunjo kama ngozi ya kiwiko ni dalili kwamba imekaa wazi muda mrefu chini ya feni. Mafuta kidogo kwenye ncha ya kidole huituliza.

Keki ikitoka kwenye friji itatoka jasho. Usiguse wala usifute! Iache ndani ya boksi la katoni lililofungwa, maji yatue kwenye boksi badala ya keki, na ulifungue baada ya saa mbili.

Nguzo za ndani (vijiti vinavyobeba ngazi ya juu): tano kwa ngazi ya 25, nne kwa ya 20. Watu wengi hukata kila nguzo kwa kipimo cha shimo lake, halafu wanashangaa keki imeinama. Tafuta sehemu iliyo juu zaidi, pima hapo, kata zote kwa urefu huo. Kila ngazi ikae juu ya kibao chake chembamba.

Aisingi ya kuchorea nyuzi za urembo inataka gramu 70 za ute wa mayai kwa gramu 450 za sukari, ipigwe kwa mwendo wa chini dakika 8 hadi 10. Futa bakuli kwa siki kwanza, maana mafuta kidogo tu huishusha. Sukari ichuje kwa soksi mpya ya nailoni. Punje moja inaziba nozo namba 1 (ncha nyembamba ya kumiminia aisingi) na uzi unakatika. Gusa keki, inua nozo sentimita 2 au 3, acha uzi uanguke wenyewe.

Safirisha ngazi zikiwa mbalimbali, kwenye sakafu ya gari badala ya kiti, na uziunganishe ukumbini. Beba aisingi ya rangi zote, sindano, na brashi laini kavu. Vumbi la kornflawa kwenye fondanti nyeusi litoe kwa brashi hiyo. Kitambaa kibichi kitaacha doa linalong'aa chini ya taa. Utepe wa ubao ubandike kwa gundi, mshono ukiwa nyuma. Pini moja ikionekana, alama zimekwenda.