Nishukuru Nini, Nami Nimechoka?

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, na mwaka jana daktari alituambia kwamba ana usonji. Hasemi, halali hadi usiku wa manane, na honi ya bajaji ikilia nje huziba masikio akalia mpaka achoke. Ndugu wa mume wangu huniambia nishukuru, kwa kuwa Mungu hampi mja mzigo asiouweza, ilhali hao hao hunong'ona kwamba kuna jambo nililikosea nilipokuwa mjamzito. Kila ninapoambiwa nishukuru, najiona mama mbaya. Nishukuru nini?
Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwani nami nimelea mtoto mwenye usonji, ambaye sasa ana miaka 17.

Nianze na hiyo minong'ono, maana moyo unaojishtaki hauna nafasi ya shukrani. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, aliyekuwa Baltimore nchini Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii, na kwa miaka mingi iliyofuata mabingwa walidai kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo. Walikosea, na akina mama wengi waliumizwa bure. Leo inajulikana kwamba ubongo wa mtoto huyu huanza kukua kwa namna yake tangu tumboni, na kwamba kurithi kuna sehemu kubwa. Malezi na laana havimo. Mume wako awasomee nduguze maneno haya, kwa kuwa ni kazi yake, si yako.

Ama shukrani, hailetwi kwa amri. Mwanangu alipokuwa na umri wa mwanao, akitaka maji alikishika kidole changu cha shahada, akanivuta hadi kwenye mtungi, akakiweka juu ya kata. Kliniki waliliandika jambo hilo miongoni mwa dalili zake, na walikuwa sahihi, nami kila aliponishika nilisikia uchungu wa neno lisilokuja. Siku moja dada yangu alikuwa ameketi kando ya mtungi. Mtoto akampita, akanifuata jikoni, akakitafuta kidole changu ndani ya unga niliokuwa nikiukanda. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba muda wote ule alikuwa akiniita. Uchungu haukuondoka siku ile, na hata leo haujaisha, lakini nilikuwa nimepata cha kushukuru ambacho hakuna aliyeniamuru.

Basi mtazame wako bila kumpima kwa mtoto wa jirani: anachokipanga sakafuni, anayemkimbilia akiogopa. Siku usipoona kitu, usijilazimishe. Tafuta pia mama mwenzako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila 127 alikuwa na usonji, hivyo hapo Tanga huko peke yako, na kliniki inaweza kuwakutanisha.

Na hao wanaokuhimiza kushukuru, waombe wakae na mtoto Jumamosi, saa nane hadi saa kumi alasiri, nawe ulale, kwa sababu asiyelala hawezi kuona jema lolote. Kwanza waonyeshe namna ya kumziba masikio kwa viganja honi inapolia, bila kumkemea.