Tabitha tunaye, mdogo wake naye aitwe Dorkasi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yetu wa kwanza anaitwa Tabitha. Sasa nina mimba ya miezi saba, na mama mkwe anaomba mtoto akiwa wa kike aitwe Dorkasi, jina la marehemu mama yake. Mume wangu anasita. Kasikia maana yake ni "paa", anauliza nani amwite mwanawe bati la nyumba. Halafu, si jina la Kiingereza hili?
Mama Tabitha, Tarime

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie Baba Tabitha kwamba paa huyo ana miguu minne, ni jamii ya swala. Na jina ni la Kigiriki. Waingereza walilitoa kwenye Biblia kama sisi. Wagiriki walimwita dorkas, neno lililohusishwa na kitenzi chao cha kutazama, kwa sababu ya yale macho yake makubwa maangavu. Wapo hadi leo huko Sahara, rangi ya mchanga mgongoni, weupe tumboni.

Fungua Matendo 9:36. Mwanamke wa Yafa anaitwa Tabitha, "tafsiri yake ni Dorkasi", na Biblia yetu ya Kiswahili inaongeza: "yaani, paa". Tabitha ni Kiaramu, lugha ya nyumbani kwao. Kwa hiyo mama mkwe wako, labda bila kujua, anawapa wanao jina moja kwa lugha mbili. Mimi ningelipokea kwa mikono miwili. Anachoomba ni kusikia mama yake akiitwa tena pale uani.

Mstari wa 39 ndio ninaoupenda zaidi: wajane wanalia huku wakimwonyesha Petro kanzu na nguo alizozishona Dorkasi. Ndiyo maana kina mama wa Kisabato walipoanzisha kikundi cha kuwasaidia wahitaji kule Battle Creek, Marekani, mwaka 1874, walikiita kwa jina lake. Mama yangu alikuwa wa Dorkasi kanisani kwetu. Nilikuwa nakaa chini ya meza ya cherehani yake ya mkono nikiokota vipande vya kitenge. Magauni ya watoto yatima aliyaachia upindo mpana, vidole vinne, ili mwakani yafumuliwe na kushushwa mtoto akirefuka. Mimi mwanawe aliniwekea vidole viwili tu, maana mimi angenishonea jingine.

Jambo moja la kuangalia: tahajia. Kuna Dorkasi, Dorkas, Dorcas, hata Dorcus, kama yule Mganda Dorcus Inzikuru aliyeshinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye mashindano ya dunia kule Helsinki mwaka 2005. Chagueni moja kabla ya kuomba cheti cha kuzaliwa, muiandike kwenye karatasi, na baba aende nayo mfukoni. Nimefundisha wasichana waliohangaika miezi kwa sababu ya herufi moja tu kwenye cheti cha kidato cha nne.