Ukungu Uliorudi Baada ya Kutolewa Mtoto wa Jicho

Juzi dada mmoja kaniandikia. Mama yake alipasuliwa mtoto wa jicho miaka mitatu iliyopita, akaona vizuri, lakini sasa hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Watu wanamwambia upasuaji ulikuwa wa bure, naye keshaamini. Nilisoma ujumbe ule nikaona habari zangu mwenyewe.

Mwaka wa pili baada ya upasuaji wangu, taa za magari usiku zilianza kutoa miale kama miiba. Mchana nilivua miwani, nikaifuta kwa pindo la shati, nikaivaa, ukungu uko palepale. Nilipokwenda kulalamika niliambiwa mtoto wa jicho akishatolewa harudi, nibadilishe miwani tu. Nikabadilisha mara mbili! Miezi 11 sikusoma kitabu. Hilo linaniuma mpaka leo, maana aliyenijibu hivyo hakunitia hata tone la kupanua mboni.

Ni kweli harudi. Ila daktari anapotoa lenzi iliyoharibika huacha kifuko chake, ndicho kinachoshikilia lenzi bandia. Seli zinazobaki humo huota polepole, kwa miezi au miaka, mpaka utando wa nyuma wa kifuko unaingia ukungu. Ndilo tatizo la baadaye linalowapata wengi zaidi. Daktari wa pili aliliona mara tu mboni ilipopanuka. Hakushika kisu: leza ya YAG, yaani mwali mkali wa mwanga, hutoboa tundu katikati ya utando huo kwa dakika chache, bila sindano. Nilisikia tik, tik, basi. Kesho yake niliona vumbi juu ya meza yangu, nikalia.

Ndugu zangu, msikubali kuambiwa "ni uzee" na mtu ambaye hajaangalia ndani ya jicho. Jicho ni lako, dai liangaliwe!

Na ukungu unaweza kungoja miadi, lakini mimweko kama ya radi, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au kivuli kinachofunika kama pazia, havingoji. Huenda retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabanduka. Hutokea hata miaka baada ya upasuaji, hata baada ya leza, hasa kwa wasioona mbali sana tangu zamani. Nenda siku hiyohiyo. Jicho likiwa jekundu, linauma na kuona kunapungua, vilevile.

Dada, mpeleke mama. Wamtie matone ya kupanua mboni kabla hawajamwandikia miwani nyingine.