Ukikaa ubaoni na aliyekuzidi

Wengi wenu mnaoanza sataranji hapa Lamu mmekulia kwenye bao, na linaonekana mkononi: mnagusa kete kabla hamjaamua. Acheni. Katika sataranji, ukishagusa kete yako kwa nia ya kucheza lazima uisogeze, ilimradi ina pa kwenda, na hodari hatakuhurumia.

Kufungwa na aliyekuzidi si ajabu. Kwa hesabu ya Elo, inayopima kiwango cha mchezaji kwa pointi, ambayo FIDE (shirikisho la sataranji duniani) ilianza kuitumia mwaka 1970, anayekuzidi pointi 400 za kiwango hicho hutarajiwa kupata kama pointi 10 katika michezo 11. Basi usihesabu ushindi, tazama unafungwa vipi.

Kosa ninaloliona zaidi ni la woga. Mchanga akikutana na hodari hubadilishana kila kete inayobadilishika, malkia kwa malkia, ngome kwa ngome, akidhani ubao ukiwa mtupu sare itakuja yenyewe. Hapo ndipo anapojipeleka. Wakibaki wafalme na askari watatu watatu, hodari humtembeza mfalme wake hadi katikati, na wako bado umemficha pembeni kana kwamba mchezo ndio kwanza unaanza. Ubao uliojaa humtoa jasho hata yeye. Badilishana pale unapopata kitu, au ukiwa umeshamzidi kete.

Ukicheza na nyeusi, chunga f7 (herufi ni safu, namba ni mstari, kuhesabu toka upande wa nyeupe). Mwanzoni mraba huo hulindwa na mfalme peke yake. Askofu wa mpinzani yuko c4, malkia wake kaja h5, nawe unamtoa farasi f6 ili umfukuze malkia? Anakula f7, mchezo umekwisha kwa hatua ya nne. Sogeza kwanza askari wa g hadi g6. Malkia akirudi f3, sasa mtoe farasi.

Umezidiwa kabisa? Usikubali upesi. Hodari wa mtaani akishajiona mshindi huharakisha, hasa watu wa barazani wakianza kumshangilia (nao, kwa kweli, wangenyamaza ingekuwa heri). Mfalme wako akiwa peke yake h8, naye akamweka malkia g6 bila kukupa cheki (yaani bila kumshambulia mfalme wako), huna pa kusogea: ni sare.

Mchezo ukiisha, kete zisirudishwe kwanza. Muulize, "Kaka, ulijua saa ngapi kwamba umenishinda?" Mara nyingi atakurudisha hadi hatua ya 10, nawe ulidhani umeharibu kwenye ya 30.